Muulize Shangazi wa Kalamu

Shangazi, shikamoo. Riwaya yangu ilikuwa kwenye madaftari mawili. Nilipoingia ndani kunywa chai, mbuzi wa jirani akala moja na nusu. Nimshtaki nani?
– Mwalimu, Katesh

Marahaba, mwanangu. Baraza litakulipia mahindi, sura za riwaya halijui bei yake. Kaa chini uandike unachokikumbuka. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?". Gerezani alitunga kwa siri, akaandika kwenye karatasi za msalani. Mashairi hayo yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Karatasi ya msalani haina nafasi ya maneno ya kujazia. Utakachokikumbuka ndiyo riwaya. Ulichokisahau kilikuwa halali ya mbuzi.

Shangazi, mchapishaji kanirudishia mswada. Eti mapenzi yangu ya Masaki hayana hata harufu ya Masaki. Sijawahi kufika huko, lakini si ndiko wapenzi wanakoishi?
– Mpenda Bahari, Dongobesh

Mchapishaji kakwambia kweli bila kukutoza nauli. Unahangaika na ufukwe usioujua, na hapo mlangoni vitunguu saumu vinakauka huku dalali akikuna kichwa kutafuta bei ya kumwibia mama yako. Wazee wa Kiiraqw wakitamka dua ya slufay huiombea nchi wanayoikanyaga, na wasikilizaji huitikia kwa sababu wanaijua. Wahamishie wapenzi wako mnadani. Waanze kwa kugombana juu ya gunia.

Shangazi, nimetunga igizo kuhusu mwenyekiti mla michango. Mwenyekiti wetu kajiona, igizo limezuiwa. Nilichome?
– Kijana wa Maigizo, Haydom

Usichome, kuni bado zipo. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaingia madarasani. Mwenyewe hakukaa akinuna: 1974 alitoa Kichwamaji, 1975 Dunia Uwanja wa Fujo. Ila na wewe, mwenyekiti wako ana kofia ileile, pikipiki ileile na kikohozi kilekile. Huo ni umbea uliopewa jukwaa. Mbadilishe umri, kisha mpe jambo moja jema alilowahi kutenda. Akishakuwa mtu kamili, kila mwenyekiti wa Mbulu na Hanang atajiona humo, wala hakuna atakayethubutu kusimama aseme ni yeye.

Kwa wengine mliouliza kama kukataliwa huleta kipaji: hakuleti. Huleta nafasi ya kuandika upya, basi. Anayeitumia nafasi hiyo kununa amepata hasara mara mbili.