Mwenyewe Yuko Japani

Baba alinunua teksi yake mwaka 2006, Toyota Corolla iliyotumika, ikashushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa bado na harufu ya nyumba ya watu. Temeke tulishayazoea magari ya namna hiyo: redio isiyofika kwenye stesheni zetu, sauti ya mwanamke inayokusalimu Kijapani kila ukiwasha injini. Siku ya kulisafisha nilipitisha mkono chini ya kiti cha nyuma nikitafuta sarafu. Nikatoa kidude cha plastiki cha rangi ya zambarau, kinachoenea kiganjani. Kilikuwa Game Boy Color, na mgongoni kimechomekwa kaseti yenye picha ya ndege mkubwa aliyetandaza mabawa.

Mama akasema kifutwe vumbi. Baba akasema kitauzwa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa barazani anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Cha nani?" akauliza.

Baba akacheka, akasema mwenyewe yuko Japani, atampata wapi. Bibi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo mwenyewe yupo."

Tangu siku ile yule mtu tukamwita Mwenyewe.

Kidude kilitaka betri mbili ndogo, zile za rimoti. Nilipokiwasha, maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu. Kwenye kisanduku cha juu kulikuwa na herufi tatu peke yake, kisha 11, kisha 143, kisha 87:42. Nilikuwa na miaka 13. Zile mbili za kwanza sikuzielewa, ila ya tatu, yenye nukta katikati, niliielewa nikaogopa kidogo: kuna mtu alikuwa amekaa na kitu hiki saa 87 na dakika 42, akaandika jina lake juu, halafu kikamdondoka ndani ya gari.

Baadaye sana ndipo nilipojua nilichokuwa nimeshika. Ulikuwa ni mchezo wa Pokémon Gold, uliotoka Japani tarehe 21 Novemba 1999. Unampeleka mtoto mguu kwa mguu kutoka kijiji hadi mji, akikamata viumbe wa ajabu, akiwalea na kuwapiganisha. Aliyeubuni mfululizo ule, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukimbizana na wadudu vichakani pembezoni mwa Tokyo, kabla vichaka havijageuka majengo. Jina lake la ukoo nililipenda tangu nilipoliona. Kwetu lina maana yake, na kwa kweli aliyenipa mimi kitu kile alikuwa tajiri.

Jirani yetu alikuwa na banda la gemu za mpira. Alikikagua akanionya: kaseti hii inashika safari moja tu. Ukisevu yako, ya mwenzako imekwenda.

Nikampelekea Bibi maneno hayo, maana nilijua asingeyaacha yapite. Akafikiri, akatoa hukumu. "Mke mwenzangu, ukikuta nyumba ya mtu iko wazi, kivulini barazani unaweza kukaa. Vyungu huhamishi." Yaani nicheze nitakavyo, lakini nisisevu kamwe. Kisha akaniamuru ninakili zile herufi tatu kwenye karatasi, akaifungia pembeni mwa kanga yake. Alikuwa na nia ya kumuuliza Mjapani yeyote ambaye Mungu angemleta mbele yake.

Ndivyo nilivyocheza miezi kadhaa, kama mgeni. Kila nilipozima, yule mtoto alirudi palepale Mwenyewe alipomwacha: mji wa pwani, hatua chache kutoka gatini. Alikuwa na mnyama mwenye moto mgongoni, wa daraja la 58. Nyuma yake wengine wanne wenye nguvu, na mwisho kabisa kichanga aliyekuwa bado amevaa ganda la yai lake, daraja la 5. Mama aliguswa na yule kichanga kuliko sisi wote. Alikuwa akipita na sufuria anauliza, "Na yule mdogo je, mmempeleka vitani?" Nikimjibu hapana, anasema vizuri, kumbe mtoto yule wa Japani kalelewa.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame na mgao wa umeme, na skrini ya Game Boy Color haina taa yake yenyewe. Nilicheza chini ya kandili, nimeinamisha kichwa mpaka nywele zikanuka mafuta ya taa. Betri zikichoka nazianika juu ya bati, zinarudi kwa nusu saa, kesho yake kwa dakika kumi, kisha basi. Na hapo ndipo nilipoitia nyumba matatani.

Ilikuwa Ramadhani, iliyoanza mwishoni mwa Septemba. Tulikuwa na saa mbili: ya ukutani sebuleni, na ya mezani yenye kengele, iliyokuwa ikituamsha daku. Kila moja ilitumia betri moja. Moja na moja ni mbili. Usiku huo nilizichukua zote nikijiambia nitazirudisha kabla ya kulala, nikalala na kidude kifuani.

Tuliamshwa na adhana ya alfajiri. Bibi, mtu mzima mwenye sukari, Baba aliyekuwa na siku nzima ya kuendesha gari kwenye jua, wote waliamka na kuukuta mlango wa kula umeshafungwa. Mama alisimama jikoni ameshika mwiko, mihogo ya nazi sufuriani haijaguswa. Hakusema kitu, na sijapata kusikia kelele kubwa kuliko ile. Baba alimsihi Bibi afungue kwa sababu ya maradhi yake. Akakubali kwa shida, akanywa uji huku machozi yanamtoka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Jioni, baada ya tarawehe, Bibi akauliza kwa utulivu, "Sasa ni saa ngapi, wewe mwenye saa zetu?"

Nilichokuwa nacho mkononi ni kile kidude tu. Nikakiwasha. Chini ya skrini, hata kabla hujaingia ndani, kulikuwa na kisanduku kidogo cha siku na saa. Nilikuwa nimekiona mara mia bila kukitilia maanani. Nikasoma kilichoandikwa. "Saa tatu na dakika tano, Bibi."

Baba akatazama simu yake. Ilikuwa 21:09. Akaitazama tena, akanyoosha mkono apewe kidude.

Ile saa Mwenyewe aliitega kwao, na kaseti ilikuwa imeendelea kuihesabu baharini, bandarini, chini ya kiti, haikusimama. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Na sisi Waswahili, tunapotaja saa, tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, saa sita nyuma ya ile ya kwenye simu. Zikikutana kwenye uso wa saa yenye tarakimu 12, zinaangukia namba ileile. Huku kukiwa saa tatu usiku, kule ni saa 3 ya usiku wa manane. Huku saa mbili asubuhi, kule ni saa 2 ya mchana. Kidude cha Kijapani kilikuwa kinasema saa ya Kiswahili, pungufu ya dakika nne.

Baba alieleza mara mbili, akichora kwa kidole mkekani. Bibi alisikiliza mara moja tu. "Basi mtoto huyu hesabu yake ni yetu," akasema, na Ramadhani yote iliyobaki alilala na Game Boy chini ya mto. Saa kumi alfajiri, sisi tukiamka kula daku gizani, humo ndani rangi za asubuhi zilikuwa zinageuka kuwa mchana mweupe.

Kulikuwa na jambo jingine. Pale gatini alisimama baharia, na kila nilipomwendea alinizuia. Jumanne moja nilijaribu alasiri, akanikatalia. Nikafuturu, nikajaribu tena, akanipisha, na meli ilikuwepo. Nilikimbilia kwa Bibi nikidhani ni muujiza. Yeye akauliza tu ni siku gani. Nikamwambia Jumanne.

"Magharibi imeingia," akasema. "Huu ni usiku wa Jumatano. Meli yao ni ya Jumatano."

Alikuwa sawa kabisa. Kutoka mji ule meli huondoka Jumatano na Jumapili, na usiku wa manane wa Japani, siku yao inapobadilika, huangukia saa kumi na mbili jioni Dar es Salaam, jua linapozama na siku ya Bibi inapobadilika. Nilipanda. Nikasafiri na mnyama wa moto na kichanga wa kwenye ganda, nikashuka ng'ambo, nikatembea mpaka betri zilipokaribia kuisha. Kisha nikazima bila kusevu, Mwenyewe akarudi kwenye nafasi yake.

Siku moja ya Machi 2007 nilirudi shuleni nikamkuta mdogo wangu, miaka 6, ameketi mkekani nacho. Orodha ya mwanzo ilizoea kuwa na mistari mitatu. Ilikuwa miwili. Zile herufi hazipo. Saa haipo.

"Sikugusa," akasema kabla hata sijamuuliza, na lile neno ndilo lililomhukumu. Nilipiga yowe, Mama akaja, akamchapa. Bibi alimuuliza mara moja, akasema, "Mtoto amesema hakugusa," lakini hakuna aliyemsikiliza, na mimi ndiye niliyemwita Kifutio. Jina likamganda. Aliitwa Kifutio akiwa darasa la saba, aliitwa Kifutio siku tuliyomzika Bibi, mwaka 2015.

Mwaka jana tulifungua sanduku la Bibi. Kidude kilikuwa kimeviringwa kwenye kanga, na karatasi yangu ya herufi tatu juu yake. Siku hizi nazisoma, lakini jina la mtoto wa watu nitaliacha hapo alipoliandika.

Mdogo wangu ni fundi simu Kariakoo. Skrubu za kaseti zile hazifunguki kwa bisibisi ya kawaida; aliyeyusha kitako cha kalamu ya biro kwa kiberiti, akakikandamiza juu ya skrubu, kikapoa na kushika umbo lake. Akafungua. Ndani kulikuwa na kibetri cha duara mfano wa sarafu, kimechomelewa kwenye bodi. Akaweka mita. Betri ya volti 3 haikuwa na hata nusu ya volti moja.

Akakaa kimya muda mrefu, halafu akaanza kunieleza kama anavyowaeleza wateja. Kumbukumbu ya kaseti hii haishiki kitu bila umeme. Kibetri hiki ndicho kinachoilisha. Na kinalisha kitu cha pili, Dada, kile kifuwele pale. Kile ni saa. Inatembea usiku na mchana, uwashe usiwashe. Hiyo ndiyo iliyokimaliza.

Aliweka mita chini. "Sikugusa," akasema. Alikuwa mwanamume wa miaka 20 na ushee, na sauti ilikuwa ya mkekani.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wateja wake. Kisha nikampigia Mama nikamweleza, mdogo wangu akisikiliza mwenyewe. Mama hakujibu kwa muda. Mwisho nikasikia, "Mwambie mwanangu aje nyumbani ale," akimtaja kwa jina lake alilopewa na Baba.

Tulikwenda Jumanne. Alikuwa ameshachomelea betri mpya. Baada ya kula tulikaa mkekani, akawasha. Mchezo unaanza kwa kuuliza saa. Ilikuwa saa mbili usiku, akaweka 2, ya usiku. Ukauliza jina. Nikafungua karatasi, akazitafuta zile herufi tatu moja baada ya nyingine, akaziweka. Halafu ndani ya mchezo mama wa yule mtoto akauliza leo ni siku gani.

"Jumanne," nikasema.

"Magharibi imeshaingia, Dada," akanijibu, akasogeza mpaka Jumatano, akabonyeza.