Mhadhara Mkuu wa Muziki wa Filamu Bubu, kwa Manufaa ya Babati

Waheshimiwa wakazi wa Babati, wa Bagara na Maisaka, nanyi mnaongoja tu basi la Singida: mmebahatika. Mbele yenu amesimama bingwa pekee wa fani hii katika mkoa wote wa Manyara, ambaye ubingwa wake haujawahi kupingwa, maana hakuna aliyeujua. Hoja yangu ni moja. Filamu bubu isimuliwe na ala, si na mdomo wa mtu. Na mji wa kuthibitisha hilo si Paris wala Hollywood, ni huu.

Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo yakawekwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali. Sasa uleteni mzigo huo Babati! Kigorowa na Kiiraqw ni Kikushi, Kibarabaig ni Kiniloti, Kimbugwe ni Kibantu, na kule Yaeda Wahadzabe wana lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Lori la santuri lingeelemewa kabla ya Magugu. Zeze lingepita.

Mpinzani wa kiti cha nyuma atasema zeze nalo lina kabila: linalomliza Mgogo laweza kumletea Mbarabaig usingizi. Pingamizi zuri, nililisubiri. Mtunzi hangoji watu waje na maana ya wimbo kutoka kwao. Huwafundisha papo hapo. Mpe mama mjane noti tano, zirudie kila anapotokea, kisha zipige mlango ukiwa mtupu: ukumbi mzima utajua anayesubiriwa ni nani. Ndivyo Chaplin alivyomfanyia muuza maua katika City Lights ya 1931, wakati filamu zenye maneno zilipokuwa zimekwisha kutamba. Wimbo wenyewe ulikuwa wa José Padilla, Mhispania, naye akaudai mahakamani; watunzi wa Babati waibe kwa marehemu wasio na mawakili. Katika filamu hiyo hiyo kiongozi anazindua sanamu, na kinywani mwake hutoka milio ya ala tu, si maneno. Yeyote aliyewahi kusimama juani akimsubiri mgeni rasmi huielewa hotuba yote. Hii yangu, bila shaka, ni jambo jingine.

Mwingine ananitajia Lufufu, ambaye sauti yake ilijaza vibanda vya video akitafsiri filamu za nje. Namvulia kofia. Lakini Lufufu alikuwa na kazi kwa sababu wahusika walisema. Wasiposema, mfasiri atabaki kututangazia kwamba anayekimbia anakimbia. Na hapo ndipo watunzi wengi nao hupotea: mtu akikimbia, ngoma inakimbia naye. Miguu tumeiona wenyewe. Muziki utuambie kama anawahi harusi au anakimbia deni, jambo ambalo picha peke yake haiwezi kulisema.

Limebaki pingamizi la jenereta, kwamba umeme ukikatika mngurumo wake utameza zeze. Mtunzi mwerevu huenda mapema kuisikiliza. Ikinguruma kwa sol, wimbo wote uwe wa sol; na ikizimika katikati, basi pale pale ndipo mhusika alipokufa, na viingilio havirudishwi.