Simu Isiyoingiza Chaji: Kutoka Ukutani Hadi kwa Fundi

Simu janja isiyoingiza chaji huugua kwa namna tatu. Iko inayochomekwa ikakaa kimya, bila alama ya betri wala mlio. Iko inayokubali na kukataa: inalia, inaacha, inalia tena, mpaka chumba kizima kimeamka. Ya tatu ndiyo yenye dhihaka, maana inaonyesha alama ya umeme vizuri kabisa, mwenyewe analala nayo ikiwa na asilimia 34 na kuamka ikiwa na 29. Kwa zote tatu uchunguzi huanzia ukutani na kuishia ndani ya simu, kwa sababu vitu vya bei ndogo na vinavyoharibika upesi viko upande wa ukutani. Wenye simu walio wengi huenda kinyume. Huanza kwa kuilaani betri, humpitia mtoto aliyeshika simu jana, na ukutani hufika mwisho, betri mpya ikiwa imeshanunuliwa.

Ukutani swali la kwanza ni kama umeme upo. Linaonekana la kitoto, lakini mchana hakuna taa inayowaka na friji nayo hunyamaza kwa zamu zake, kwa hiyo umeme unaweza kukatika saa nzima pasipo mtu kujua. Kwenye nyumba za LUKU, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, kuna hali mbaya zaidi: uniti kuisha usiku huku simu ikiwa na asilimia mbili. Uniti hununuliwa kwa simu, simu inataka umeme, na umeme unataka uniti. Mwenye nyumba akiwahi kulipia, tokeni ya tarakimu 20 huingia kwa ujumbe, naye huanza kuinakili gizani kwa tochi ya simu ileile, jambo linaloharakisha msiba. Simu ikizima kwenye tarakimu ya kumi na mbili, hakuna hila ya kiufundi iliyobaki ila mlango wa jirani.

Umeme ukiwepo, hutazamwa swichi ya soketi. Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za mtindo wa Kiingereza, matundu matatu, na nyingi zina swichi pembeni. Swichi hiyo kila siku huzimwa na mtu mmoja anayeitwa Si-Mimi. Kisha kuna suala la pini mbili. Ndani ya soketi hizi mna vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini mpaka pini ndefu ya ethi iingie tundu la juu. Chaja nyingi zinazouzwa mitaani zina pini mbili tu, nyembamba na za duara, na wa kufungua vifuniko hakuna. Basi huletwa kalamu ya biki. Mfuniko wake husukumwa tundu la juu, vifuniko hufunguka, chaja huingia kwa kupigwa kiganja, na mfuniko wa biki hubaki humohumo miaka na miaka, wa buluu, wageni wakidhani ni taa ya kuonyesha kwamba umeme upo. Mtu anachezea ulinzi uliowekwa ili asipigwe na umeme, na juu ya hayo pini hazishikwi barabara: zinagusa na kuachia, zinapata moto, zinatoa cheche. Simu nyingi za namna ya pili, zile za kukubali na kukataa, ugonjwa wao uko hapa. Adapta ya pini tatu bei yake haifiki ya kilo ya nyama.

Kinachofuata ni kichwa cha chaja. Kipimo chake ni kuchomeka simu nyingine nzima kwenye kichwa hichohicho. Ikikataa nayo, simu ya kwanza imesingiziwa. Kichwa kikiwa kizima bado kinaweza kuwa dhaifu, na hapo ndipo ilipo siri ya ile namna ya tatu. Tundu la kawaida la USB kwenye kompyuta ya zamani hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba nishati ya takriban wati-saa 19, kwa hiyo kwa mwendo huo itajaa baada ya saa nane hivi, endapo hakuna atakayeigusa. Mwenyewe anaigusa. Anaangalia video, data imewashwa, mwanga wa kioo uko juu kabisa, na simu inatumia zaidi ya inachoingiza. Vichwa vya kuchaji haraka navyo vina masharti: kabla ya kupandisha nguvu, chaja na simu hupatana kupitia nyaya za mawasiliano, na kampuni nyingine zimeweka lugha yao, isiyoeleweka kwa kichwa wala waya wa kampuni nyingine. Zisipoelewana hurudi kwenye mwendo wa pole. Nguvu ya kichwa imeandikwa kwenye mgongo wake, kwa maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, na ukubwa wa herufi unaonyesha aliyeyaandika hakutaka yasomwe.

Halafu waya, ambao mitaani huitwa USB tu. Waya hufa shingoni, pale unapokaribia kuingia kwenye simu, kwa kuwa ndipo unapokunjika mtu akilala ubavu huku anachati. Nyuzi za shaba hukatika moja moja ndani ya mpira, nje hakuna alama. Kifo chenyewe hakiji ghafla. Kwanza hugunduliwa pembe: waya ukiinuliwa kidogo na kusokotwa kuelekea kushoto, simu inalia. Pembe ikishapatikana hulindwa kwa kandambili, rimoti na kanga iliyokunjwa mara nne, na mtu yeyote akikaribia kitanda huambiwa asipumue. Selotepu huja baadaye, nayo huongeza siku chache za matumaini.

Njia fupi ni kuazima waya mzima na kulinganisha, ila ofisini jambo hilo lina siasa yake.

"Dada, nisaidie USB yako dakika mbili tu, najaribu kitu."

"Hii? Kaka yangu, hii inachagua simu."

Hakuna waya unaochagua simu kwa chuki. Huenda mdomo wake umelegea, ukashika kwenye simu moja na kuteleza kwenye nyingine. Huenda dada amekwisha kupoteza nyaya tatu kwa dakika mbili za namna hiyo.

Waya na kichwa vikiwa vizima, zamu ni ya tundu la simu, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana simu nyingi zinazopelekwa kwa fundi zingepona kwa kusafishwa tu. Tundu la Taipu-C, lililotangazwa mwaka 2014 na ambalo Umoja wa Ulaya umelilazimisha kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu Desemba 2024, lina ulimi mwembamba katikati wenye miguso 24, kumi na miwili juu na kumi na miwili chini. Kwenye mfuko wa suruali tundu hilo hukusanya nyuzi za pamba, vumbi, makombo ya karanga na chembe za mchanga. Kila waya unapochomekwa, taka hizo husukumwa chini na kushindiliwa, mpaka siku moja waya hauingii wote. Dalili ni mbili: mlio mdogo wa "ta" wa kujifunga hausikiki tena, na waya ukishikwa unacheza au unadondoka wenyewe. Mwenye simu huona tundu limelegea. Kumbe limejaa.

Simu huzimwa kwanza, kisha hutumiwa kijiti cha meno cha mbao, kilichochongwa kikawa bapa, kwenye mwanga mzuri. Hupitishwa pembezoni mwa ulimi taratibu, kwa kuvuta kuja nje. Kinachotoka huwa kipande cha kijivu kilichoshikana, chenye umbo kamili la tundu, na mara nyingi rangi yake husema wazi ni suruali ipi. Wenye simu hukiweka mezani na kuwaita wenzao waje kukiona. Visivyofaa ni sindano, pini ya mtandio na kibanio cha nywele: chuma hukwaruza miguso, huunganisha isiyopaswa kuunganika, na kinaweza kuuvunja ulimi wenyewe, ambao hauuzwi peke yake. Kupuliza kwa mdomo ni desturi ya zamani isiyo na faida, kwani huongeza mate.

Mate yanaleta habari ya maji. Simu nyingi za sasa hupima unyevu tunduni na kukataa chaji kwa kuonyesha alama ya tone. Kukataa huko si ubovu. Umeme ukipita kwenye miguso yenye maji huifanya ioze haraka, na maji ya bahari ni hatari zaidi kwa sababu ya chumvi. Simu huinamishwa tundu likitazama chini, hugongwagongwa polepole kiganjani, kisha huachwa mahali penye upepo, pengine hadi siku nzima. Waswahili wa pwani na wa bara wamekubaliana kuizika kwenye mchele. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake waache, kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuharibu simu. Onyo halijafika jikoni. Simu bado inalazwa kwenye ndoo ya mchele, inaamka na punje moja imekaa tunduni, na mchele unapikwa jioni yake.

Joto nalo huzuia chaji. Betri za lithiamu-ioni kwa kawaida huchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi, na simu ikivuka mpaka hupunguza au husimamisha chaji bila kuomba ruhusa. Simu iliyolala chini ya mto, au kwenye dashibodi ya daladala iliyoegeshwa juani, imefika mpaka huo. Dawa ni kuvua kava na kuiweka kivulini. Kuiweka kwenye friza ni kuihamisha kutoka ugonjwa wa joto kwenda ugonjwa wa maji, maana ikitolewa hutoa jasho nje na ndani. Baridi ina kisa chake pia: kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako usiku joto hushuka chini ya sifuri, simu huweza kuzima ikiwa na asilimia 40. Waongoza wageni huwashauri wapandaji kuibeba ndani ya nguo, karibu na mwili.

Programu ina makosa machache. Simu iliyoganda huwashwa upya kwa kushikilia vitufe, na mara nyingi hukumbuka kuchaji. Iliyokaa wiki nzima imezima huhitaji subira, kwa kuwa betri iliyoshuka sana hulishwa kwanza kidogo kidogo, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika 15 hadi 30. Wengi huchomoa dakika ya tano. Wapo pia wanaokwenda kwa fundi na simu inayogoma kwenye asilimia 80, wakalipa, wakaambiwa kuna mpangilio wa kulinda betri uliowashwa.

Betri, iliyolaaniwa tangu mwanzo, huja mwisho. Teknolojia hii iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na mwaka 2019 iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia. Betri ya simu huchoka baada ya mizunguko kama 500 hadi 1,000 ya kuchaji, lakini betri iliyochoka kwa kawaida bado huingiza chaji, inashindwa kuitunza. Ya kuogopwa ni iliyovimba kwa gesi. Enzi za vitochi, zile simu ndogo za vitufe, ilijaribiwa kwa kuzungushwa juu ya meza: ikizunguka bila kukwama, imevimba katikati. Simu janja nyingi hazifunguki kwa mkono, kwa hiyo uvimbe huonekana pale mgongo unapoachana na fremu. Watu huurudisha kwa mpira wa kufungia noti. Betri hiyo haibanwi, haitobolewi, haichajiwi tena.

Kwa fundi hukumu hutolewa haraka. "Bosi, hii sistimu chaji," husema, kabla simu haijatoka mfukoni sawasawa. Sistimu chaji ni kile kibao kidogo kilichobeba tundu, na kwenye simu nyingi hubadilishwa bila kugusa ubao mkuu. Mara nyingine fundi amesema kweli. Fundi wa kuaminika hujulikana kwa mambo mawili: huchomeka kwanza kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea, na husafisha kwa mswaki na spiriti kabla ya kutaja bei. Kipimo kikionyesha volti 5 na ampea sifuri, umeme unafika mlangoni na hauingii. Baada ya kusafisha na kubadili kibao, kama sifuri haijasogea, kosa liko kwenye ubao mkuu, kwenye chipu inayosimamia chaji, kazi ya darubini na hewa ya moto ambayo si kila kibanda kinaiweza. Gharama yake ikikaribia bei ya simu nyingine, fundi hujitolea kuinunua kama spea, na anachokitazama ni kioo, kama hakijapasuka.