Nondo Ashusha Nondo

Nimepanga chumba cha nyuma Walthamstow, mashariki ya London. Kitanda changu kimeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipo kabati la mwenye nyumba. Kabatini mna majaketi manne ya ngozi ya kondoo, ya aina waliyovaa wanaanga wa Vita vya Pili, na kila Jumamosi asubuhi bwana huyo hunigongea mlango nimwambie lipi linafaa kuvaliwa kila siku. Mimi mzaliwa wa Tanga ndiye mwamuzi wa mambo ya baridi! Nimechoka kuamua. Usiku mmoja wa Januari, nikiwa nimejikunyata chini ya mablanketi mawili na taulo, niliyasikia yenyewe yakihojiana. Nimeandika kama yalivyopenya ukutani. Palipokosewa, lawama ni za ukuta.

NAKALA: Shikamooni, wazee wangu.

IRVIN: Marahaba, mjukuu. Umeingia lini?

NAKALA: Majuzi, kwa posta. Nimechorwa mabomu ishirini na tano mgongoni.

B-3: Ishirini na tano! Uliyaangusha wapi?

NAKALA: Kiwandani. Kuna kijana ana brashi. Mwenzake ana msasa, ndiye aliyenisugua viwiko nionekane nimepigana.

B-3: Mtoto wewe, mwanzoni safari ishirini na tano ndizo alizotakiwa kumaliza Mmarekani wa ndege za mabomu hapa Uingereza ndipo arudishwe kwao. Wengi hawakuzimaliza. Wewe umezimaliza kwa saa moja ya rangi?

NAKALA: Nusu saa. Walikuwa wanawahi chakula.

IRVIN: Tuyaache. Kesho bwana anachagua, nasi tupimane kwa haki: nani kati yetu anafaa kwa kila siku? Nitangulie mimi kwa kuwa ni mkubwa. Aina yangu ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika jeshi la anga la Uingereza. Sufu ndani, ngozi nje, ukosi mpana wa kufunika masikio, zipu kuanzia kiganjani kupanda mkononi ili glavu kubwa ziingie, na mkanda kiunoni. Aliyenibuni, Leslie Irvin, tarehe 28 Aprili 1919 alijitupa kutoka kwenye ndege, akaifungua parachuti kwa mkono wake mwenyewe angani, wakati watu wengi waliamini kwamba anayeanguka hivyo huzimia kabla hajavuta kamba. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, kisha akafungua kiwanda.

B-3: Ninavyojua, alikuwa Mmarekani wa Los Angeles.

IRVIN: Kiwanda chake cha hapa kilikuwa Letchworth.

B-3: Nimesema, Mmarekani wa Los Angeles.

IRVIN: Haya. Kila ukoo una mambo yake.

(Sauti ndogo ikatoka kwapani mwa Irvin.)

NONDO: Na waliookolewa na parachuti zake walipewa beji ndogo. Ilikuwa na umbo la nini, babu?

IRVIN: Nani tena huyo?

NONDO: Mimi Nondo. Nipo kwapani mwako tangu Oktoba. Jibu.

IRVIN: Ya kiwavi.

NONDO: Kiwavi wa hariri, kwa kuwa parachuti zilishonwa kwa hariri. Na kiwavi wa hariri akikua anakuwa nani? Nondo! Basi ukoo wangu ndio uliowashusha marubani wako chini wakiwa hai. Tawi moja la familia lilisuka uzi wa kuwaokoa, tawi jingine limepewa kazi ya kumalizia makoti yao. Kwa hiyo nina haki ya kusema humu ndani.

B-3: Sema, lakini usile.

NONDO: Mimi sili kitu, sina hata mdomo wa kulia. Walao ni watoto. Nataga mayai arobaini, hamsini, wao wanaonja, mimi napokea ripoti. Hakuna mtaalamu wa majaketi anayewashinda. Wenzao huangalia lebo, wao huingia ndani.

NAKALA: Na mimi wamenionja?

NONDO: Tutafika kwako, mwanangu. B-3 amalize kwanza.

B-3: Mimi jeshi la Marekani lilinikubali mwaka 1934. Sina mambo ya mkanda wa kiuno wa kujirembesha. Shingoni nina kamba mbili za ngozi na bizimu zake, ukizifunga unabaki macho tu. Mikononi nimeongezwa ngozi ngumu. Nilitengenezewa ndege za mabomu, na ndani ya B-17 kulikuwa na baridi kali. Wapiga bunduki wa ubavuni walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi, mita 7,600 juu. Panda Kilimanjaro hadi kileleni, halafu endelea na mita 1,700 nyingine. Huko baridi ni digrii 40 chini ya sifuri, na ukigusa chuma kwa mkono mtupu, ngozi yako inabaki kwenye chuma.

NONDO: Na hapa Walthamstow leo ni digrii ngapi?

B-3: Saba.

NONDO: Chini ya sifuri?

B-3: Juu.

NONDO: Juu! Digrii saba juu ya sifuri, mtu anakwenda kununua kahawa mita mia tatu kutoka mlangoni, amevaa vazi la digrii arobaini chini. Ni sawa na kukodi meli ya Mombasa kuvuka dimbwi la maji ya mvua. Jumamosi iliyopita alikuvaa wewe akapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya Victoria. Alipofika mjini alikuwa amelowa kama aliyetoka kuoga na nguo.

B-3: Nakumbuka. Sufu yangu haijakauka hadi leo.

IRVIN: Ndiyo maana nasema mimi ndiye wa kila siku. Ni mfupi, naishia kiunoni, simzuii mtu kutembea.

B-3: Na mifuko?

IRVIN: Mifuko ya nini?

B-3: Ya kutilia vitu. Mimi ninao mmoja, wa kulia.

IRVIN: Rubani hatii vitu mfukoni. Ana fimbo ya ndege mkononi.

NONDO: Bwana wetu hana ndege. Ana simu, funguo, kadi ya treni, miwani, leso na pipi za kifua. Siku ile alipokuvaa, vyote alivishika mkononi kama anayepeleka mahari. Alipofika getini stesheni akatakiwa agongeshe kadi, funguo akazishika kwa meno. Simu ikalia. Akataka kuipokea, funguo zikaanguka, akainama kuziokota, mgongo wote ukabaki wazi kwa upepo, maana wewe ulikatwa kwa ajili ya mtu aliyeketi. Mtu aliyeketi hahitaji koti limfikie chini, kiti kinamfunika! Akainuka, miwani ikaanguka. Akainama tena. Nyuma yake watu ishirini wanasubiri, na wote wanamwona shujaa wa anga kiuno kikiwa nje. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikujua kama walishawahi kumwona Irvin.

IRVIN: Unanivunjia heshima.

NONDO: Babu, heshima yako naijua kuliko bwana. Wewe ni wa mwishoni mwa vita, umeunganishwa kwa vipande vidogo vidogo kwa sababu ngozi kubwa zilikuwa adimu. Kila kiungo ni mshono, na kila mshono una uzi wa miaka themanini. Akiinua mkono kushika bomba ndani ya basi, naisikia mishono inalia *tip, tip*, kama mahindi ya bisi. Ngozi iliyokauka haifanyiwi mazoezi. Ukimpenda mzee, humbebeshi gunia.

NAKALA: Basi jibu ni mimi! Sina uzi wa zamani, nina mifuko minne, miwili ya siri. Mwonekano wa zamani, nguvu za kisasa. Ngozi halisi ya kondoo, ndivyo tangazo lilivyosema.

NONDO: Mwanangu, nilitaka nikuambie faragha. Ulipoingia tu nilikutagia mayai kumi ukosini. Kwa upendo tu, kumpokea mgeni.

NAKALA: Na?

NONDO: Watoto wamekufa kwa njaa.

NAKALA: Maana yake nini?

NONDO: Maana yake wewe ni plastiki. Hiyo sufu yako ni binamu wa chupa ya soda. Hata hivyo sikulaumu wewe, maana plastiki ni nyepesi, inafuliwa, na digrii saba inaziweza. Ungeuzwa kama ulivyo, ungekuwa koti zuri tu la kwendea sokoni. Nakasirikia mabomu yale mgongoni.

(Kimya. Ikasikika sauti kutoka pembeni kabisa, ambako hakuna aliyekuwa ameangalia.)

D-1: Samahani, wakubwa. Mimi nina mifuko miwili.

IRVIN: Na wewe nani?

D-1: Naitwa D-1. Ngozi ya kondoo kama nyinyi, ila nyembamba, sufu fupi. Walinivaa mafundi wa uwanjani. Ndege zikiondoka nilibaki chini, zikirudi nilikuwa wa kwanza kuzifikia. Nina mafuta ya injini kwenye mkono wa kushoto, hayajatoka tangu 1943.

B-3: Umewahi kuruka?

D-1: Sijawahi.

NAKALA: Mimi nimeruka! Nimekuja kwa ndege ya posta.

NONDO: Sikieni sasa. Mnauliza nani wa kila siku. Wa kila siku ni huyu hapa. Ametengenezewa mtu aliyesimama, anayeinama, anayepanda ngazi, anayehitaji kuweka spana mahali. Baridi yake ni ya ardhini, baridi ya watu. Halemei kama nyinyi. Na katika miaka yote aliyokaa humu, bwana amemvaa mara ngapi?

D-1: Mara moja. Alipaka rangi uzio.

NONDO: Mara moja! Kwa nini? Kwa sababu fundi hapigwi picha. Hapo ndipo ninapotaka kushusha mzigo wangu, na mwenye kuumia na aumie. Huyu bwana hatafuti joto. Angetaka joto angevaa sweta na koti la mvua, angenyamaza kama watu wengine. Anatafuta ushujaa usiomgharimu kitu, wa kupitisha mikono na kufunga zipu. Kati ya wanaanga 125,000 hivi wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, walikufa 55,573. Karibu nusu ya vijana, wengi wao hawajafika hata miaka ishirini na tano! Wapiga bunduki wa mkiani waliing'oa kwa mikono yao wenyewe ile plastiki ya dirishani ili wamwone adui vizuri, upepo wa barafu ukawapiga usoni usiku kucha. Pale kwenye mnara wao wa kumbukumbu, Green Park hapa London, wamesimamishwa saba, wa shaba, tangu 2012, na hata mmoja wao haangalii kamera. Halafu mtu mzima anasimama mbele ya kioo anageuka kushoto, anageuka kulia, anauliza: "Linanikaa?" Halikukai! Lilimkaa mtoto wa watu, na huenda aliyelivaa hakurudi kulivua!

IRVIN: Bi Nondo, sisi tumekosa nini?

NONDO: Nyinyi hamjakosa. Ila mnabishana nani mzuri wa kwendea kahawa, kana kwamba hilo ndilo swali. Mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa akisimulia kwenye simu kwamba kwao vazi la jeshi la kila siku ni kabuti la mlinzi wa usiku. Limechakaa, limefifia, halina hadithi hata moja ya kununuliwa, na kila usiku liko kazini. Hakuna anayelilinganisha na jingine. Linavaliwa kwa sababu kuna baridi. Basi!

D-1: Huyo mpangaji namsikia anatetemeka kila usiku. Mbona yeye hapewi mmoja wetu?

NONDO: Kwa sababu yeye baridi inamshika kweli.

(Taa ya chumbani ikawaka. Nondo akajitupa kwapani mwa Irvin, maana tawi lake la ukoo halipendi mwanga.)

Kabati lilifunguliwa. Nikasikia henga zikigongana, zipu ikipanda, kisha hatua za mtu anayekwenda na kurudi mbele ya kioo. Saa sita na robo usiku! Alikuwa akijaribu lile la kamba mbili shingoni, nikalitambua kwa mlio wa bizimu. Alitembea dakika kumi hivi. Akaanza kupumua kwa nguvu. Akafungua ukosi. Akafungua zipu nusu.

Halafu akatoka kwenda ukumbini, ambako ndiko iliko swichi ya hita ya nyumba nzima, ile niliyoambiwa nisiiguse kwa sababu ya bei ya gesi. Miezi mitatu nimeamini ni bei ya gesi.

"Nyumba hii ina joto la kupita kiasi," akasema peke yake, na akaizima.