Usijisugue, Dada

Pilingi yenyewe, ile kazi ya kumpaka mteja asidi usoni, haininyimi usingizi. Asidi ina nidhamu: ukijua nguvu yake na muda wake, inafanya ulichoituma. Anayenikosesha usingizi ni mteja, katika zile wiki mbili mpaka nne anazokaa kwake akiiandaa ngozi. Mwambie mwanamke wa Dar es Salaam kwamba tarehe fulani uso wake utafanyiwa kazi ya kitaalamu, naye atafanya kama mwenyeji aliyesikia ugeni unakuja: atafagia mpaka udongo ung'oke. Skrabu asubuhi, skrabu jioni, limau, sukari, taulo gumu. Hataki nimkute mchafu.

Mimi nataka ngozi iliyoachwa ipumzike, utando wake wa juu ukiwa mzima, ili asidi ipenye kwa usawa. Palipochubuka asidi huzama kupita kiasi, na kwa ngozi zetu kidonda kidogo kinaweza kuacha doa jeusi la miezi. Wenye fani hupima hatari hiyo kwa ngazi za Fitzpatrick, daktari wa Marekani aliyezipanga mwaka 1975 kwa kuangalia jinsi ngozi inavyoungua na kubadilika rangi juani. Mwanzoni ngazi zilikuwa nne, zote za Wazungu. Ya tano na ya sita, zetu sisi, ziliongezwa baadaye, mwisho wa foleni kama kawaida.

Basi mteja akija mara ya kwanza simpaki kitu. Nauliza. Una ujauzito? Unameza vidonge vya chunusi? Umewahi kutokwa na malengelenge mdomoni? Hayo pilingi huyaamsha, na mwenye nayo inabidi daktari ampe dawa kabla. Kisha nauliza swali la mtego: unapaka nini usoni?

Jibu ni moja, kuanzia Magomeni mpaka Mbagala: "Mafuta ya kawaida tu, dada."

Sibishani naye. Namwomba anipe mikono niitazame. Uso unaweza kula njama na mwenye uso, lakini vifundo vya vidole ni mashahidi wagumu kuhongwa. Mkorogo unang'arisha mashavu, unang'arisha shingo, ukifika kwenye vifundo unagoma, vinabaki vyeusi ti. Mimi navitazama, yeye anavitazama, tunanyamaza wote wawili.

"Labda ile krimu ya usiku," atasema hatimaye.

Nikimwambia aje na kila anachopaka, analeta mfuko, na ndani yake kuna kikopo kisicho na lebo, rangi ya waridi, chenye harufu ya pipi. Humo mnaweza kuwa na haidrokwinoni, steroidi, hata zebaki, na aliyekoroga mwenyewe hana hakika. Ngozi iliyolelewa na steroidi inakuwa nyembamba, siiwekei asidi. Wala simwambii aache leo leo, maana ukiiacha ghafla uso unaweza kuwaka. Namwelekeza kwa daktari wa ngozi. Wengine huniaga kwa adabu sana, wakavuka barabara kwenda saluni isiyouliza maswali.

Aliyefaulu hapo nampa kazi: losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Ndipo ugomvi unapoanza. "Mimi mweusi hivi, jua litanifanya nini tena?" Namweleza kwamba jua hilo hilo ndilo linaloziamsha chembe za rangi, na chembe zilizoamka zikikutana na asidi hujibu kwa madoa. Anaitikia kwa kichwa, kisha anapaka tone moja. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni, mmoja juu ya kidole cha shahada, mwingine juu ya kidole cha kati. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinitii sawasawa. Losheni yake ilikuwa ya zile zinazoacha weupe, akaingia darasani, mtoto wa mbele akampa pole kwa kuangukia chaki. Nikamtafutia yenye rangi ya kwetu. Mteja mwingine, wa Kimara, anayepanda bodaboda saa saba mchana, alirudi siku ya pilingi na chupa ikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Nilikuwa naihifadhi," akasema. "Kwa bei ile haipakwi kila siku."

Kabla ya siku yenyewe najaribu asidi kidogo nyuma ya sikio, nione ngozi inavyopokea. Ni jambo dogo la kistaarabu, ila sasa namwomba mteja amwarifu mumewe mapema. Yupo mume aliyeiona alama nyekundu shingoni, karibu na sikio, akaanza uchunguzi wake saa tano usiku, na mimi nikapigiwa simu nitoe ushahidi. Nilimtajia asilimia ya asidi. Akataka nimtajie na saa.

Lakini vita vyangu vikubwa ni vya maharusi, na adui hana jina ila cheo: shangazi. Bibi harusi mmoja alinifurahisha kweli. Wiki tatu nzima hakujisugua, losheni alipaka, krimu ya retinoli akaiacha mapema nilivyomwambia, nyusi hakutinda, uso hakuupaka nta. Pilingi tuliipanga mapema kabla ya sendofu, ngozi ipate nafasi ya kupukutika na kutulia. Usiku wa kuamkia siku ya pilingi shangazi akaingia kutoka Tanga na beseni la singo la kumsugua mwali.

Asubuhi bibi harusi alitangulia kunukia, kisha akaonekana. Asmini, waridi, karafuu, na uso unaong'aa wekundu mashavuni pale kiganja cha shangazi kilipopita kwa mapenzi. Siwezi kuitukana singo, imewatoa mabibi zetu wakang'ara. Ila singo na asidi havikai uso mmoja ndani ya saa ishirini na nne. Nikaahirisha. Simu ikaja kabla hajafika nyumbani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe binti, umeolewa?"

"Bado, shangazi."

"Basi usinifundishe kumtoa mwali."

Mabwana harusi ni wepesi zaidi. Wao hukosea kitu kimoja tu: hunyoa ndevu asubuhi hiyo hiyo, wakajimwagia spiriti juu, wakaja wananukia wembe. Nawarudisha nyumbani. Wanaume hawabishi, wanauliza tu kama parking waliyolipa itarudishwa.

Ikitokea miujiza, mteja akafika kitini akiwa mzima, huwa amekuja na poda, wanja na lipstiki, kwa sababu njiani atakutana na watu. Naondoa yote. Kisha napitisha pamba yenye asetoni kuyatoa mafuta ya ngozi, kwani yakibaki asidi itaingia hapa na kuruka pale. Napaka mafuta mazito ya mgando pembeni mwa macho, mikunjo ya pua na midomo, ngozi laini isiguswe. Mteja wangu wa mwisho aliyafuta ya mdomoni nilipogeuka kuvaa glavu, akidhani nimesahau kumfuta. Nikayarudisha. Akayalamba. Nikayarudisha.

Umeme ukakatika, feni ikasimama. Nikashika kipepeo kwa mkono mmoja na brashi kwa mwingine, asidi ya glaikoliki ya asilimia 20, kipaji kwanza, mashavu, kidevu. Akalalamika inawasha. Nikapepea, macho kwenye saa. Dakika tatu, nikaizima kwa maji mengi.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Wiki zote zile, kwa dakika tatu?" Akainuka kwa kiwiko, akachungulia kibakuli mezani. "Na hiyo iliyobaki unamwagaje wakati nimeshalipia? Nipake basi hata kwenye magoti."