Milibari Tatu za Baba Zuhura

Katika mji ninaoishi, fundi wa paa hapatikani. Wapo, tena hodari, na magari yao yana ngazi juu. Lakini siku ya upepo fundi hapandi paani kwa sababu ni hatari, jambo ambalo mtu mwenye akili hawezi kulipinga. Ukimtafuta utamwona mtoni, kasimama juu ya ubao, kashika tanga, anarukaruka juu ya mawimbi. Hiyo si hatari. Siku isiyo na upepo anapumzika kwa uchovu wa jana. Beseni langu la sebuleni liko chini ya tundu la paa langu tangu masika.

Mji wenyewe ni Hood River, jimbo la Oregon, huko Marekani, kama maili 60 mashariki ya Portland. Mbele yetu unapita Mto Columbia, na ng'ambo ni jimbo la Washington. Ardhi yetu ni ya mapeasi na cheri, na ningependa tuishie hapo kwenye matunda. Lakini mto huu umeikata Milima ya Cascade ukaacha korongo, na korongo hilo ndilo njia pekee iliyo karibu na usawa wa bahari katika safu nzima ile. Kiangazi, upande wa magharibi kuna hewa ya Pasifiki, ya baridi na nzito. Upande wa mashariki ni nusu jangwa. Jua linachoma, hewa inapanda juu, mgandamizo unashuka. Hewa ya bahari inataka kwenda kuziba pengo, milima imeizuia, basi inajipenyeza yote hapa kwetu. Hiyo ndiyo sayansi yake, nami nimeielewa nikiokota shuka zangu kwenye ua wa jirani.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni mtu wa Dodoma. Kabla hatujaja huku, maji mengi aliyoyazoea ni ya kwenye pipa. Mimi ndiye mtoto wa Pangani, baba yangu alikuwa na ngalawa, na mimi ndiye nisiyekanyaga ule mto. Yeye ndiye anayenifundisha habari za upepo.

Alfajiri, kabla ya salamu, simu imeshawashwa.

"Mama Zuhura, Portland na The Dalles ni mbili na nusu."

"Mbili na nusu nini, shilingi?"

"Milibari."

The Dalles ni mji ulio mashariki yetu. Wanapima mgandamizo wa hewa kule, wanapima Portland, wanatoa. Tofauti ikikaribia sifuri, nyumba nzima inanuna. Ikifika tatu, mwanamume anaanza kuimba bafuni na ofisini kwao kikao cha saa tisa kinaahirishwa bila aliyekiahirisha kujulikana.

Utabiri wenyewe huandikwa na watu waliosomea kutoshikika. Utasoma kwamba asubuhi upepo utakuwa maili 15 hadi 18 kwa saa, mchana utalegea, alasiri utapanda uwe 24 hadi 29, iwapo mawingu yataondoka kwa wakati. Iwapo! Marehemu baba yangu alikuwa akitoka nje, anatazama juu, anasema leo hakwendeki, anarudi kulala. Naye alikuwa akikosea, tena mara nyingi, lakini hakuwa na "iwapo" na hakutuamsha.

Halafu Baba Zuhura na wenzake hawautaji upepo kwa jina lake. Wanautaja kwa ukubwa wa tanga. "Leo ni nne nukta mbili," maana yake leo ni siku ya tanga la mita za mraba 4.2. Kadiri namba inavyopungua ndivyo upepo ulivyo mkali, kwa hiyo mtu akija mbio anachekelea "tatu nukta saba," mimi nakwenda kuwafungia kuku bandani. Ndani ya banda letu la gari kuna tanga la 3.7, la 4.2, la 4.7, la 5.3, na moja la 6.0 la siku za huzuni. Gari linalala nje. Niliuliza kama kuna upepo usio na tanga lake humu ndani, nikaambiwa ndiyo, upo kati ya 4.7 na 5.3, na kuna mtu anauza.

Kitu kingine ni mawingu. Sisi tumekua tukijua dalili ya mvua ni mawingu, ukiyaona unaanua. Hapa mawingu yakirundikana magharibi, kule Stevenson na Cascade Locks, watu wanashangilia, kwa sababu magharibi kukiwa na baridi na mashariki kukiwaka jua ndipo ile tofauti inapokua. Ila yakisogea mno, yakaja kutufunika na sisi, upepo nao unahamia mbele zaidi mashariki, na wao wanapanda magari kuufuata. Wanakwenda Rufus, maili 45 kwa barabara kuu. Wakiukosa Rufus wanaendelea Arlington, zaidi ya maili 70 kutoka nyumbani. Petroli ya kukimbiza upepo! Mama yangu nilipomweleza kwa simu alinyamaza, kisha akauliza:

"Huko anakokwenda, anavua nini?"

"Havui kitu, mama. Anakwenda na kurudi."

"Anakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ana nini ng'ambo?"

Sikuendelea. Mama alikuwa ameshaanza kufikiria mke wa pili.

Pwani kwetu watu walipanga mwaka kwa upepo. Kaskazi ukivuma majahazi yanashuka kutoka Arabuni. Ukiingia kusi yanarudi. Kati yake kuna maleleji, upepo hauna mwenyewe, na nahodha anakaa bandarini anacheza bao miezi. Hakuna aliyelia. Hawa wa hapa mtoni wakikosa upepo kuanzia saa nne hadi saa sita wanakaa ukingoni, wamevaa mpira mwili mzima, wanatazama maji kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa mirathi.

Nisiwe mkaidi lakini. Mto huu una jambo moja ambalo hata baba yangu angelipenda. Maji yanateremka magharibi kwenda Pasifiki, na upepo wa kiangazi unapanda mashariki. Vinakutana uso kwa uso, ndipo mawimbi yanaposimama wima katikati ya mto wa maji baridi, umbali mrefu kutoka baharini. Upepo unamsukuma mtu juu, mkondo unamrudisha chini, kwa hiyo anaweza kucheza saa nzima akajikuta karibu na alipoanzia. Mabaharia wetu walikuwa wakibisha kutwa nzima kupata faida ya namna hiyo. Sehemu wanazozipenda zaidi, kama Swell City na ile inayoitwa Hatchery, iliyo jirani na kituo cha kuzalisha samaki upande wa Washington, sifa yake ni hiyo. Nimesimama pale, nimetazama, na nimekubali kimoyomoyo. Baba Zuhura asiambiwe.

Tatizo ni upepo unapokatika. Mkondo wenyewe hauna utabiri wa kukatika. Mtu yuko katikati, tanga limelala majini, na tishari za ngano zinashuka kutoka mashariki zikisukumwa kwenda Portland, vyombo ambavyo havikwepi mtu wala havisimami upesi. Ni lazima apige makasia kwa mikono hadi ukingo ulio karibu, na ukingo ulio karibu kila mara ni wa Washington. Hapo ndipo simu yangu inapolia. Kumfuata ng'ambo kunahitaji kuvuka daraja la mwaka 1924, jembamba, ambalo sakafu yake ni ya vyuma vyenye matundu, ukichungulia unauona mto chini ya magurudumu. Na ni daraja la kulipia. Nalipa kwenda, nalipa kurudi. Yule mtabiri aliyesema "24 hadi 29" yuko nyumbani kwake anakunywa chai. Utabiri ukikosea nalipa mimi, na ukipatia nalipa mimi, maana siku ulipopatia tulinunua mlingoti mpya.

Mwezi Juni 2021 lilikuja lile joto kubwa. Portland ilifika nyuzi 46 za Selsiasi na ushee. Joto likihamia magharibi namna ile, hakuna tena upande wa baridi na upande wa moto, na upepo wetu hauna sababu ya kusafiri. Watu wa Oregon walikuwa wakiungua na kuugua, nchi nzima inazungumzia maafa. Kwetu mji ulikaa matanga kwa sababu ya matanga. Hewa ya bahari iliporejea, nilimsikia mtu mzima, daktari wa meno, akishukuru kwa sauti barabarani.

Majira ya baridi mambo hugeuka. Hewa baridi inalala kwenye bonde la mashariki mpaka inakuwa nzito, halafu inamwagika kwa mlango uleule kuelekea magharibi. Milibari za Baba Zuhura zinakuwa za hasi. Wenye akili wanaweka mbao zao ndani. Waliobaki wanakwenda Rooster Rock, karibu na Portland, kucheza na upepo wa mashariki huku mvua ikigandia barabarani. Tunaye mmoja.

Lakini namba hizohizo zinasomwa na watu wasiocheza. Septemba 2017, moto ulioanzia Eagle Creek ulipata upepo wa mashariki ukakimbia kwenye korongo, cheche zikavuka mto wote hadi Washington na msitu wa kule ukawaka. Mpaka leo kiangazi kikishika, natazama utabiri kabla ya Baba Zuhura, na sitafuti ukubwa wa tanga.

Basi. Jumamosi hii tuna wageni kutoka Portland, ndugu wa Morogoro na mkewe, watu wa heshima, na nimeshaloweka mchele. Utabiri unasema tofauti itakuwa milibari tatu. Nikamwambia Baba Zuhura wageni wanafika saa sita. Akafurahi kupita kiasi. Upepo, akasema, utalegea saa sita na kupanda saa tisa, kwa hiyo atakula pilau kwa raha zake kisha atatoka kidogo. Nikamwacha. Nilipobaki peke yangu nikampigia yule ndugu, nikamwomba waje saa tisa, tena wasichelewe, nione mwenye nyumba atawaacha wageni mlangoni awapite na ubao kichwani.

"Saa tisa, shemeji?" akasema. "Mbona wanasema ndipo unapopanda? Lakini hamna neno, hata vizuri zaidi. Mwambie bwana tunakuja na mbao zetu, na kama ana tanga la 4.2 la akiba atuwekee."