Barua ya Wazi kwa Baraza la Sekta Ambalo Halijawahi Kukaa

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Sekta yetu,
Teritware ya Kabambare, Jimbo la Maniema.

Waheshimiwa,

Kwanza, hongera. Tangu sheria iwataje mwaka 2008, hakuna hata mmoja kati yenu aliyekula hela ya soko, aliyesinzia bajeti ikisomwa, wala aliyempa shemeji yake kazi ya kukata tiketi za ushuru. Hakuna aliyehamia Kindu akatusahau. Hakuna aliyekwenda semina Kinshasa wiki mbili akarudi baada ya mwaka na tumbo jipya. Katika mabaraza yote tunayoyasikia redioni, lenu ndilo safi kuliko yote. Kasoro yenu ni moja tu, nami naitaja kwa heshima: hampo.

Siwalaumu. Asiyechaguliwa hawezi kuulizwa kwa nini hakufanya kazi. Katiba ya Februari 18, 2006 ilisema kwamba mji, komine, sekta na usultani vitajiendesha vyenyewe. Ikafuata sheria ya Oktoba 7, 2008, ikawapa ninyi kazi: mpitishe bajeti ya sekta, mmchague mkuu wa sekta, mwangalie barabara za hapa kwetu, madaraja, masoko na usafi. Tuliisikia tukafurahi. Wazee wakaanza kutajana majina chini ya mwembe, nani atafaa, nani ana mdomo lakini hana akili, nani ana akili lakini anakopa.

Baada ya hapo tumepiga kura 2011, tumepiga 2018, tumepiga tena 2023, achilia mbali ile ya kwanza ya 2006. Tumechagua rais, tumechagua wabunge. Tumesimama kwenye mstari tangu alfajiri na kuchovya vidole kwenye wino. Karatasi yenye majina yenu haijatufikia. Mwaka 2023 Tume ya Uchaguzi ilipotangaza kwamba safari hii madiwani nao wamo, baadhi yetu tulikwenda kuchonga madawati ya ukumbi. Kumbe ni madiwani wa komine za miji mikuu ya majimbo tu. Kwa Maniema ina maana Kasuku, Mikelenge na Alunguli, zote za Kindu. Wanaotoka nje ya Kindu wangoje. Madawati tumewapa watoto wa shule, hayakupotea.

Sasa labda mnajiuliza huko mliko, ikiwa hampo, mambo ya sekta yanakwendaje. Yanakwenda vizuri sana, kwa kasi ambayo baraza lenye watu lisingeiweza. Mkuu wa sekta hakuchaguliwa na mtu wa hapa. Amekuja na barua ya uteuzi kutoka juu. Na kwa kuwa sheria inadai baraza, na baraza halipo, mzigo wenu wote ameubeba yeye. Jambo likija, yeye hulipendekeza, hulijadili, hulipinga kidogo kwa adabu, halafu hulipitisha kwa kauli moja. Akidi haijawahi kukosekana.

Chukueni habari ya daraja. Hapa kwetu daraja ni magogo yaliyolazwa juu ya kijito, na kila msimu wa mvua kijito huchukua yaliyo yake. Likivunjika, vijana wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zenye mifuko ya mchele na madumu ya mawese kwenda Kasongo hufungua mizigo, huvuka na maji kiunoni, hufunga tena ng'ambo. Mama mjamzito hubebwa kwenye kiti. Wanakijiji humwendea kapita, mkuu wa kijiji, kapita humwendea mkuu wa sekta, mkuu wa sekta humwandikia msimamizi wa teritware, msimamizi huandika Kindu. Barua inapanda kwa mpangilio mzuri. Inayorudi ni ile ya salongo.

Salongo, kwa wajukuu wasiojua, ni kazi ya bure tuliyoachiwa na enzi za Mobutu. Mobutu alikwenda, salongo ikabaki. Jumamosi inapulizwa filimbi, kila nyumba itoe mtu na panga, asiyekuja atoe faini. Kwa hiyo magogo tunayakata sisi, tunayabeba sisi, misumari tunachanga sisi, na kwenye ripoti ya robo mwaka inaandikwa kwamba sekta imekarabati daraja. Mimi siichukii salongo. Bila hiyo tungekuwa tunaogelea. Ninachouliza ni kidogo: faini za wasiokuja salongo zilipitishwa katika kikao chenu kipi? Natafuta muhtasari. Nikiukosa, nitaelewa kwamba mlikuwa mnasinzia, hivyo sifa niliyowapa hapo mwanzo nitaiondoa.

Kukwama njiani hapa kwetu si jambo jipya. Mtu akitaka kujua jinsi ardhi hii inavyoweza kumzuia mgeni, asome habari za msafiri David Livingstone. Alikwama hapa, mahali alipopaita Bambarre, tangu katikati ya 1870 hadi mapema 1871, akiuguza vidonda vya miguu na kungoja watu wa kumsindikiza. Msafiri wa leo ana miguu mizima na pikipiki, bado anakwama. Angalau Livingstone hakudaiwa tiketi ya bariyeri ya barabarani.

Juu ya mbuzi sitasema mengi, ingawa mbuzi ndio wanaotugombanisha kuliko siasa zote za Kinshasa. Mbuzi ameingia shamba la mihogo, amekula. Mwenye shamba anataka alipwe, mwenye mbuzi anasema ua ulikuwa mbovu. Hii ni kesi ya baraza: weka kanuni, mbuzi afungwe msimu gani, ua uwe wa namna gani, fidia ni kiasi gani, na kila mtu aijue kabla mbuzi hajatafuna. Kwa kuwa kanuni haipo, kila kesi huanza upya kama vile mbuzi wameletwa duniani jana. Mara mbuzi anashindwa, mara mhogo. Kuna wakati anayeshinda ni yule aliyefika ofisini na kuku mkononi. Sitaji mtu, namtaja kuku.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa naomba mkae vizuri, kama mna viti. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena ikatwe palepale inapokusanywa, si kupelekwa Kinshasa kwanza ikatembee. Sheria ya 2008 ikaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya vyombo vya chini, yaani miji, komine, sekta na usultani. Nimepiga hesabu: katika kila faranga 100, tuna 16 za kugawana. Faranga 16 zingejenga madaraja ya saruji hadi tuchoke kuyahesabu. Lakini hakuna anayekata palepale. Fedha hupanda Kinshasa, na kinachoshuka hushuka kikiwa kimechoka. Hata kikifika, sheria inataka baraza lipige kura ya bajeti kabla hakijatumika. Baraza ni ninyi. Na ninyi hampo. Basi fedha zisizofika zinasubiri idhini ya watu wasiokuwepo. Hesabu hiyo imekamilika, hakuna pa kuchomeka swali.

Wenzetu wa upande wa Salamabila wana neema zaidi, maana kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Katikati ya hapo sheria ya madini ilirekebishwa, Machi 2018, na mrabaha ukagawanywa hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 kwa sekta au usultani ulio juu ya mgodi. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Kwa hiyo dhahabu ya dola 10,000 ikitoka chini ya miguu ya watu, sekta yao inapata dola 52 na nusu. Si haba. Lakini dola hizo 52 na nusu ziende kwenye zahanati, chemchemi, au kiti kipya cha mkuu, anayeamua ni nani? Sheria inasema baraza. Jirani yangu, aliyewahi kuchimba huko kwa mikono kabla ya mashine kuja, anasema afadhali ile asilimia 10 ya vizazi vijavyo. Angalau vizazi vijavyo tuna hakika vitakuja.

Kuna wasomi wanaotutuliza. Wanasema mabaraza ya chini ni gharama: kura ni ghali, posho za madiwani ni ghali, nchi ina vita, subirini amani. Nimewasikiliza mpaka mwisho. Vita nimeviona, sihitaji kuambiwa. Tumekimbia na magodoro kichwani zaidi ya mara moja. Lakini katika miaka hiyohiyo ya vita, tiketi ya soko haikukosekana hata siku moja. Mama anayeuza mafungu matatu ya sombe, majani ya muhogo, hulipa. Anayepita na jogoo mmoja hulipa. Leta, yaani serikali, haikuwahi kuona vita kuwa sababu ya kutodai, bali ni sababu ya kutoulizwa tu.

Wala mkuu wetu si mtu mbaya, naomba hili liandikwe. Ameteuliwa kwa barua, anaweza kuondolewa kwa barua, na mtu wa namna hiyo huogopa barua. Sisi hatuna barua ya kumwondoa, basi atuogopee nini? Tukienda kwake kumi anatusikiliza kwa upole, anaandika kwenye daftari, anauliza habari za nyumbani. Simu ikilia kutoka Kindu anasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa ajili ya mama muuza sombe, na ningekuwa yeye nisingesimama pia. Mishahara ya ofisi yake hufika kwa kuchelewa au haifiki, makarani wake wengine huishi kwa zile tiketi. Nyumba imejengwa hivyo.

Na imejengwa zamani. Mamlaka ya Wabelgiji yalipotoa dikrii ya Desemba 5, 1933, yalichukua tawala za kisultani ndogondogo zisizowafaa yakaziunganisha kuwa sekta, na juu yake akawekwa mkuu aliyeidhinishwa na utawala. Kazi yake ilijulikana: kodi ikusanywe, barabara ifyekwe, pamba na mpunga vilimwe. Leo mkuu anateuliwa na Wakongo wenzetu. Ni hatua, siikatai. Ni miaka zaidi ya tisini kwa hatua moja, lakini ni hatua.

Nasikia pia kwamba programu ya maendeleo ya teritware 145 imeahidi shule, vituo vya afya na majengo ya utawala kila mahali, Kabambare ikiwemo. Tunayakaribisha majengo. Jengo likipata chumba cha mikutano, naomba kisigeuzwe stoo ya saruji mpaka mfike.

Ombi langu kwenu, Waheshimiwa, ni mjitokeze. Hata mkija wabaya, mje. Tunataka diwani wa kumgombeza sokoni, tunayejua nyumba yake na mkewe, anayeona aibu kupita kwenye daraja lililovunjika kwa sababu watoto watamcheka. Mwizi tunayemfahamu tutamnyima kura baada ya miaka mitano. Ninyi, pamoja na usafi wenu wote, tutawanyima nini?

Barua hii nimeipeleka ofisini ili ipigwe muhuri. Karani aliuliza inakwenda kwa nani. Nikamwambia, Baraza la Sekta. Akafikiri, akafungua droo, akasema barua za Baraza zina ada yake. Nimelipa. Risiti ameniambia itatolewa Baraza likikaa.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi wa Kabambare